Naenda kwa daktari wa meno kwa mara ya kwanza, nitang'olewa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mdada wa miaka 31, nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai kule Arusha, sasa hivi nipo Dar nauza nguo Kariakoo. Nina gego la chini kushoto limetoboka, maji ya baridi yakigusa tu naruka, usiku mwingine silali kabisa. Fizi zinatoa damu nikipiga mswaki. Afu meno yangu ni ya kahawia, yale ya kwetu unayajua, nikicheka naziba mdomo. Nilishang'olewa jino zahanati ya kijijini nikiwa darasa la tatu, nilishikwa na watu wawili, toka siku hiyo sijakanyaga tena kwa daktari wa meno. Hapa jirani kuna kliniki ya kisasa, vioo vitupu na kiyoyozi, nimepita mlangoni mara tatu nimerudi. Naomba uniambie ukweli, nikiingia itakuwaje toka mwanzo mpaka mwisho? Nitang'olewa siku hiyo hiyo? Na mwanangu wa miaka minne niende naye au nimwache, maana bibi yake alimtoa meno ya plastiki, yale wanayosema yanamletea mtoto homa na kuharisha, akiwa mchanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimecheka hapo kwenye kupita mlangoni mara tatu, sikucheki wewe, ni kwamba mlinzi wa pale ninapofanyia kazi anawajua watu wa hivyo kwa sura kabisa, anasema huyu kapita Jumatatu Alhamisi atarudi, na kweli anarudi, ila anarudi shavu limevimba.

Nianze na lile linalokutisha zaidi. Siku ya kwanza mara nyingi hung'olewi. Siku ya kwanza ni ya kuongea na kuangaliwa, na kitu chochote kikifanyika mdomoni mwako baada ya hapo kinafanyika ukiwa umeelezwa na umekubali. Ukisema leo nimekuja kuangaliwa tu basi unaangaliwa tu, unalipa hela ya kumwona daktari unaondoka zako. Wale watu wawili waliokushika darasa la tatu ni mambo ya zamani, na hata enzi hizo hayakuwa sawa. Mimi mwenyewe jino langu la kwanza lilitolewa hivyo hivyo, sindano imechomwa na koleo likaingia hapo hapo bila kusubiri ganzi ishike, nilimng'ata yule mganga kidole. Kwa hiyo nikikwambia najua unachoogopa naomba uniamini.

Sasa kabla hujatoka nyumbani. Kula. Watu wengi wanakuja na njaa wakidhani ni kama kwenda kupima malaria au kufanyiwa oparesheni, halafu wakikaa kwenye kiti na hofu na njaa vinakutana, jasho, macho yanafifia, wanazimia kabla hata sijashika kitu. Kunywa chai nzito, kula chapati zako, piga mswaki, njoo. Kama una dawa unazokunywa kila siku za presha au sukari zinywe kama kawaida na ubebe majina yake, ukishindwa kuyakumbuka beba pakiti zenyewe. Kama unaweza kuvumilia usimeze dawa ya maumivu asubuhi hiyo, maana naweza nikaligonga jino bovu na wewe usisikie kitu afu nikabaki nabahatisha. Na njoo asubuhi, usisubiri jioni ukifunga biashara, asubuhi wewe una nguvu na daktari bado hajachoka, na kama kuna kitu cha kufuatilia mna siku nzima.

Pale mapokezi watakupa fomu, au dada atakuuliza anaandika kwenye kompyuta. Hapa ndipo watu wanaponiudhi, nasema ukweli. Mtu anaulizwa una presha anasema sina, una sukari sina, unatumia dawa yoyote situmii, afu tukimpima presha inasoma 190 kwa 115. Presha ikifika 180 kwa 110 sisi hatung'oi, tunakutuliza na kukupeleka kwa wenzetu kwanza, hiyo sio roho mbaya. Sema kama una moyo, pumu, kama uliwahi kutoka vipele au kuvimba kwa penisilini, kama una mimba au unahisi unayo, kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, hata zile za miti shamba ulizopewa na shangazi sema. Kama unaishi na VVU sema pia, na usiogope kwamba utatengwa, glovu ninazovaa kwako ndizo ninazovaa kwa mheshimiwa mbunge, tunamchukulia kila mtu sawasawa tangu mwanzo. Hiyo fomu inanisaidia kuchagua dawa tu. Na hapo hapo mapokezi uliza bei ya kumwona daktari, bei ya eksrei, na kama una bima uliza inalipia nini na nini hailipii, kabla hujakaa kwenye kiti. Sio aibu. Wewe muuza nguo hakuna mteja anayekuvalia suruali bila kuuliza bei.

Ukiingia ndani kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni harufu. Kila mtu anaijua ile harufu, wengine ndiyo inawatetemesha magoti. Ujue ile ni karafuu mdogo wangu. Ile ya Pemba na Unguja tunayoweka kwenye pilau. Mafuta yake yana kitu kinaitwa yujenoli, kinatuliza mshipa wa jino, na sisi tunakichanganya na unga wa zinki tunapata dawa ya kuziba jino kwa muda. Kwa hiyo bibi yako aliyekwambia uweke karafuu kwenye jino hakukosea, alichokosea ni kudhani imepona. Ukishajua kwamba hiyo ni harufu ya pilau ya Idi inapungua makali kidogo, jaribu.

Kiti kinalala. Taa inawaka juu yako, kama inakuumiza macho sema, siku hizi wengi wanakupa miwani. Pembeni kuna trei, na hapa watu wanatumbua macho kwa sababu vyuma vinang'aa, ila vya siku ya kwanza ni vichache, kioo kidogo cha mviringo chenye mkono, kijiti chenye ncha iliyopinda cha kupapasa tundu, na kingine kama hicho kina mistari kama rula. Hicho cha mistari ni cha kupimia fizi. Kinaingizwa taratibu kati ya jino na ufizi, ufizi wenye afya unapimika milimita 1 mpaka 3, ikifika 4 na kuendelea ujue mfuko umeanza kuchimbika hapo. Inachoma kidogo kwenye fizi zenye ugonjwa kama zako, sitakudanganya, ila ni kuchoma kwa mswaki mgumu, sio kwa sindano.

Wakati anaangalia utamsikia anamtajia msaidizi wake namba, tatu sita, nne saba, moja moja ipo. Usishtuke. Mzee mmoja alinisikia nimesema arobaini na sita akanishika mkono akaniuliza, mwanangu mtu ana meno thelathini na mbili, hilo la arobaini na sita umelitoa wapi? Ni hivi, tunagawa mdomo robo nne, robo ya kwanza ni juu kulia kwako, ya pili juu kushoto, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia, afu kila robo tunahesabu meno kuanzia katikati kwenda nyuma moja mpaka nane. Kwa hiyo hilo gego lako la chini kushoto, kama ni lile la kwanza kubwa linaloota mtoto akiwa na miaka 6, litaitwa tatu sita. Nakutajia ili ukilisikia ujue ndiyo wanakuzungumzia wewe.

Kabla hajaanza, mwambie daktari unaogopa. Sema tu, daktari mimi naogopa, niling'olewa vibaya utotoni. Afu mkubaliane ishara, ukiinua mkono wa kushoto anaacha kila kitu. Mimi nasema wa kushoto kwa sababu kulia ndiko ninakokaa mimi na vyuma, sitaki unipige kiwiko. Daktari asiyesimama ukiinua mkono nyanyuka uende kwingine, hata kama ukuta wake ni wa vioo.

Sasa jino lenyewe. Daktari atakuuliza vitu ambavyo utaona ni vya kijinga lakini ndiyo vinaamua kila kitu. Ukinywa baridi maumivu yanakaa sekunde ngapi? Moto je? Yanaanza yenyewe hata hujala? Unaamka usiku? Ukiuma kitu kigumu linaita? Ataligonga kwa mpini wa kioo, atagusisha pamba yenye ubaridi kwenye jino zima kwanza halafu kwenye hilo bovu, akulinganishe. Kama baridi inauma ikiondoka tu na maumivu yameondoka, mshipa wa ndani bado mzima, jino linachimbwa uozo linazibwa limeisha. Kama maumivu yanabaki dakika nzima au zaidi, na yanakuamsha usiku wakati hujagusa chochote, mshipa umeshaumwa na haurudi nyuma, hapo zinabaki njia mbili, kutibu mzizi au kung'oa. Kutokana na ulivyoandika kwamba usiku mwingine hulali mimi nahisi upo kwenye hili kundi la pili, nakwambia mapema ili usije ukaenda na mawazo ya kuzibwa tu afu ukasikia vingine ukadhani unaibiwa.

Kuna kundi la tatu, lile linalowaponza watu kuliko yote. Jino limeuma wiki mbili halafu siku moja linanyamaza lenyewe. Mtu anashukuru Mungu, anasema dawa ya duka imefanya kazi. Kumbe mshipa umekufa. Umeoza humo ndani kimya kimya, mwezi mmoja au mwaka baadaye linakuja jipu, usaha unatafuta njia, shavu linajaa, wengine uvimbe unashuka chini ya taya mpaka shingoni wanashindwa kumeza na kupumua, huyo sasa anakimbizwa hospitali kubwa na anaweza kufa kweli. Kwa jino. Kwa hiyo likinyamaza kabla hujafika kliniki usiahirishe, ndiyo uwahi.

Na zile amoksilini na metro za kununua duka la dawa kila likiuma, acha. Hazifiki kwenye shida, uozo upo ndani ya jino ambako damu imeshaacha kupita, dawa itapitia wapi? Zinapunguza uvimbe kwa siku chache afu unarudi pale pale, na unavifundisha vijidudu vikuzoee. Usiweke asprini kwenye ufizi, inaunguza, nimeshaona mashavu yamebabuka meupe kama yamechemshwa. Ugoro, petroli, maji ya betri, hivyo sitaki hata kuviongelea. Wale wanaofukiza moshi ili mdudu wa jino atoke nao nawaheshimu lakini mdudu hayupo, kile kinachoonekana kama mdudu mweupe ukilipasua jino ndiyo huo mshipa wenyewe.

Baada ya kuangalia kwa macho itakuja eksrei. Ile ndogo ni kakifaa kama saizi ya stempu kanawekwa mdomoni unakang'ata, picha inatokea kwenye skrini sekunde hiyo hiyo, na mwanga wenyewe ni mdogo mno, hauzidi ule mtu anaoupata kwa siku moja ya kuishi tu duniani kutoka kwenye ardhi na anga. Ile kubwa unasimama mashine inakuzunguka kichwa, inaonyesha meno yote na taya. Kwa jino moja bovu ndogo inatosha, ukiambiwa na kubwa uliza kwanini, kunaweza kuwa na sababu nzuri, kwa mfano magego ya mwisho yaliyolala, lakini sababu itajwe. Kama una mimba sema hata kama umeshaandika kwenye fomu. Na ombi langu, mwambie daktari akuonyeshe picha. Usikubali kutolewa jino ambalo hujaonyeshwa ubovu wake.

Hapo ndipo kuangaliwa kunaisha na mazungumzo yanaanza. Daktari mzuri atakaa, sio kusimama, atakwambia jino fulani lina hivi, njia zipo hizi na hizi, hii bei yake hivi inadumu hivi, hii rahisi lakini utapata pengo na lile la juu yake litashuka polepole kwa kukosa mwenzake. Kutibu mzizi, ruti kanali kama wengi wanavyoita, ni ghali kuliko kung'oa kila mahali, na gego lina mifereji mitatu au minne kwa hiyo mara nyingi utaenda zaidi ya mara moja, na likishatibiwa linahitaji kofia juu yake la sivyo litapasuka siku unatafuna muwa. Hesabu yote hiyo uifanye mwanzoni. Kung'oa ni hela kidogo leo, kuweka jino bandia kesho ndiyo hela nyingi. Mimi mtu wa miaka 31 mwenye gego lenye ukuta wa kutosha namshauri alitunze kama mfuko unaruhusu, mfuko usiporuhusu sitamlaumu. Na usiamue hapo hapo kama kichwa kimejaa. Omba waandike kwenye karatasi, nenda nyumbani, ulale nayo.

Kama bei ya vioo na kiyoyozi ikikukimbiza usikate tamaa ukarudi kwenye metro. Hapo Dar hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, zina vitengo vya kinywa na meno, na pale Muhimbili kuna shule ya meno ya chuo kikuu ambako wanafunzi wanatibu wakisimamiwa na walimu wao. Utasubiri foleni, na mwanafunzi atakuchukua muda mrefu kuliko mimi, ila kila hatua mwalimu anakuja kuikagua. Nilipita hapo najua.

Sindano. Najua ulikuwa unaisubiri hii. Kwanza unapakwa ganzi ya mafuta kwenye ufizi kwa pamba, inatulia dakika moja mbili, ina ladha ya matunda ya kudanganyishia watoto. Afu sindano yenyewe ni nyembamba sana na dawa inaingizwa polepole, kinachouma kwenye sindano za meno mara nyingi ni haraka ya daktari kuliko ncha. Dawa ni lignokaini iliyochanganywa na adrenalini kidogo, kwa hiyo unaweza ukasikia moyo unapiga mbio dakika moja hivi, sio kwamba unakufa, ni ile adrenalini, vuta pumzi itapita. Afu mnasubiri. Kwenye taya la chini inaweza kuchukua mpaka dakika kumi, mdomo unakuwa mzito, ulimi upande mmoja kama sio wako. Daktari atagusa kwa chuma akuulize unasikia nini. Utasikia kusukumwa na kubanwa, hiyo haiondoki, lakini ukisikia maumivu makali inua mkono, anaongeza. Na ujue jino lenye usaha ganzi huwa haishiki vizuri, asidi ya pale inaikataa, ndiyo maana tunasema njoo kabla halijavimba, na ndiyo maana naamini kabisa wewe darasa la tatu ulikuwa umevimba na hawakutaka kukusubiri.

Mashine ya kuchimba inazunguka zaidi ya mara laki tatu kwa dakika, ule mlio wa kama mbu mkubwa ndiyo huo, unatoa na maji ili jino lisipate moto, na msaidizi ana mrija unanyonya maji na mate pembeni. Mlio unatisha kuliko kazi yenyewe. Kama huuwezi kabisa njoo na simu na spika za masikio. Na nikwambie kitu ambacho Watanzania wengi hawakijui, ile njia ya kutibu tundu bila mashine kabisa, unakwangua uozo kwa vijiko vidogo vya mkono afu unaziba kwa dawa inayogandana na jino, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, walikuwa wanatafuta jinsi ya kutibu vijijini kusiko na umeme, na Shirika la Afya Duniani likaichukua miaka ya 1990 ikasambaa dunia nzima. Bado inafanya kazi, hasa kwa watoto na kwa tundu dogo. Kwa gego lako la kukosesha usingizi haitoshi, lakini kama una vitundu vingine vidogo uliza, hakuna mlio wala mara nyingi sindano.

Fizi zako. Damu ukipiga mswaki ni ukoga, ule mchafu ulioganda chini ya ufizi ukawa kama chokaa, mswaki hauutoi tena hata usugue na nini. Unatolewa kwa kichuma kinachotetemeka maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde huku kinarusha maji. Dakika thelathini mpaka saa nzima. Watu wanasema kusafisha meno kunalegeza meno, nimeusikia huu msemo kila wiki tangu nianze kazi. Kinachotokea ni kwamba ukoga wenyewe ulikuwa umeshika meno kama sementi, ukitolewa unaona nafasi zilizokuwa zimezibwa na unasikia jino linacheza, kumbe mfupa ulikuwa umeshaliwa zamani. Na baada ya kusafishwa baridi itakukera siku chache. Halafu usiache kupiga mswaki pale panapotoa damu, wengi mnaparuka hapo mkidhani mnaumia, hapo ndipo pasuguliwe taratibu zaidi. Mara mbili kwa siku, dawa yenye floridi, tema povu ila usisukutue na maji mengi baadaye, iache ifanye kazi.

Ukisoma hapo neno floridi utanirukia, kwa sababu ndiyo hiyo iliyokupa meno ya kahawia. Ngoja. Maji ya kwenu yanatoka kwenye miamba ya Mlima Meru, miamba ya volkano, na floridi imejaa humo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo kule Meru vinapita hapo mara kumi na zaidi. Mtoto akinywa maji hayo meno yanapojengeka ndani ya taya, mpaka kwenye miaka nane hivi, ganda la jino linatoka na mabaka. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floridi inabaki. Wewe umeshakuwa mtu mzima meno yameshamaliza kujengwa, dawa ya meno haiwezi kukuongezea madoa hata ukitumia miaka hamsini, ukitema. Kwa hiyo hakuna daktari wa Tanzania atakayeyaangalia meno yako akasema huyu mchafu. Tutakuuliza kwenu ni Arusha au Kilimanjaro au Singida, na tutakuwa tumepata jibu kabla hujajibu. Wenzangu wengi darasani walikuwa nayo hayo hayo, mmoja sasa hivi ni bingwa wa meno na anacheka mdomo wazi.

Yanarekebishika. Madoa mepesi yanasuguliwa juu juu kwa dawa maalumu, au yanang'arishwa kwa jeli, ya katikati yanafunikwa kwa dawa nyeupe ile ile ya kuzibia, makali sana yanavalishwa ganda la kaure mbele. Ila sio siku ya kwanza. Kwanza gego, pili fizi, rangi mwisho, na daktari anayeanza kukuuzia weupe wakati una jino linakuamsha usiku huyo anaangalia pochi yako. Na hapo Kariakoo ulipo utauziwa vingi, unga wa mkaa, vimaji kwenye kichupa visivyo na jina, watu wanasugua limao na magadi. Vinakwangua ganda, na la kwako tayari ni dhaifu kuliko la mtu mwingine. Wacha vibaki kwenye meza zao.

Kitu kimoja watu hawaulizi na waulize. Vyuma vimechemshwa? Kliniki ya kweli vifaa vinaingia kwenye mashine ya mvuke wa nyuzi 134 vikiwa ndani ya pakiti iliyozibwa, pakiti ina alama inabadilika rangi ikishapata joto lake, na inafunguliwa mbele yako. Sindano mpya, kichupa cha ganzi kipya, glovu mpya. Ukikuta vyuma vimelowekwa tu kwenye beseni la maji yenye dawa, aga. Hilo ndilo linalonionyesha kliniki ni ya kisasa, televisheni ya ukutani hainiambii kitu. Angalia na cheti ukutani, daktari wa meno lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari, na tabibu wa meno naye ana usajili wake, kung'oa na kuziba kwa kawaida anafanya vizuri tu.

Ikitokea mmekubaliana kung'oa, siku hiyo au nyingine, utang'ata gozi, kile kitambaa cha pamba cha kufungia vidonda, nusu saa. Usiteme teme mate, usisukutue, usinywe kwa mrija wala usivute sigara mpaka siku ipite, maana lile donge la damu kwenye shimo ndiyo kidonda chenyewe kinavyofunga, likitoka siku ya pili au ya tatu utapata maumivu makali kuliko yale yaliyokupeleka. Mate yenye rangi ya damu usiku wa kwanza ni kawaida, damu inayojaa mdomo sio kawaida, rudi. Kesho yake maji ya uvuguvugu na chumvi. Na usile chochote mpaka ganzi iishe, masaa mawili mpaka manne, nimeshashona mdomo wa mtu aliyekula mishikaki akidhani anatafuna nyama kumbe anatafuna mdomo wake.

Mtoto. Njoo naye, lakini sio siku yako wewe ya kwanza, asikuone mama yake unatetemeka. Hayo meno ya plastiki sitakusema wala sitamsema bibi yake, imani hii imeenea nchini tangu miaka ya 80, mtoto anaharisha na homa, mtu anamfunua mdomo anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi anasema hilo ni la plastiki linamuua, linachimbwa na kisu au spoku ya baiskeli. Ule uvimbe ni chonge la utotoni lilikuwa bado halijaota. Kuna watoto wanakufa kwa damu au pepopunda, wa kwako amepona tushukuru. Kinachobaki ni kwamba chonge la utotoni huenda halipo, na lile la ukubwani lilikuwa limelala karibu yake, linaweza kuwa salama, linaweza likatoka limepinda au lisitoke. Hakuna haraka. Ataangaliwa sasa, picha itapigwa akikua kidogo, chonge la ukubwani la chini linatoka miaka 9 mpaka 10 hivi, muda wa kupanga upo. Mtoto wako mwingine akija bibi akaona uvimbe mweupe, mpeleke hospitali kwa ajili ya kuharisha na ufizi uachwe.

Siku yake ya kwanza usimwambie hawatakuumiza, neno lenyewe kuumiza hakuwa nalo kichwani wewe ndiyo unamwekea. Mwambie tunaenda kuhesabiwa meno. Atapandishwa kwenye kiti kitapanda na kushuka, atapewa kioo aangalie meno yake mwenyewe, yatahesabiwa, mtu wa miaka minne anatakiwa awe nayo ishirini, ya kwake yatapungua mawili matatu, na mtarudi nyumbani. Mwombe daktari amwachie glovu moja aipulize iwe puto, huwa wanaipenda kuliko pipi.